Je, Wajua? Mpaka Ndio Unaolipisha Simu

Je, wajua kwamba mwaka 1927 kupiga simu kutoka New York kwenda London kwa dakika 3 tu kuligharimu dola 75? Huduma ilifunguliwa tarehe 7 Januari mwaka huo, sauti zikirushwa kwa redio kuvuka Atlantiki. Dola 75 za wakati ule ni zaidi ya dola 1,300 za leo. Sasa shika hapo: mwaka 1925 gari jipya la Ford Model T la bei ya chini kabisa liliuzwa dola 260. Simu nne, na gari lishakwenda!

Unadhani hiyo ni ghali? Rudi nyuma hadi 1866, waya wa telegrafu ulipotandazwa chini ya Atlantiki na kudumu. Bei ya kuanzia ilikuwa pauni 20 kwa maneno yasiyozidi 20. Na usifikiri ni maneno ya ujumbe peke yake: anwani, tarehe na jina la mpelekaji, vyote vilihesabiwa. Neno moja, pauni moja.

Basi watu wakafanya ujanja. Je, wajua kwamba mwaka 1873 William Clauson-Thue alichapisha kitabu kizima cha kubania maneno ya telegramu? Kiliitwa ABC, na ndani yake neno moja lilisimama badala ya sentensi nzima. Mfanyabiashara aliandika neno moja, mwenzake ng'ambo akafungua kitabu hicho hicho na kusoma habari yote. Wanaobana herufi kwenye meseji leo wana mababu zao!

Na Zanzibar je? Waya wa telegrafu ulifika kisiwani mwaka 1879, enzi za Sultani Barghash, ukitokea Aden na kuendelea hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya hapo habari za Ulaya zilikuja kwa meli, wiki baada ya wiki. Baada ya hapo zilikuja siku hiyo hiyo.

Sikia hii pia. Waya wa kwanza wa simu chini ya Atlantiki ulifunguliwa tarehe 25 Septemba 1956, na uliweza kubeba mazungumzo yasiyozidi 36 kwa wakati mmoja. Bara zima la Ulaya na bara zima la Amerika ya Kaskazini, mazungumzo 36! Katika saa 24 za kwanza, simu kati ya London na Marekani zilikuwa 588.

Haya, hayo yalikuwa mambo ya umbali. Siku hizi umbali si kitu. Kinachokula salio la msafiri ni mpaka, na hapa ndipo maajabu yanapoanza.

Kaa kwenye kibanda cha chai Namanga, upande wa Tanzania, simu ikiwa mezani. Hujavuka wala hujagongewa muhuri. Ghafla jina la mtandao wako linatoweka juu ya kioo, linaingia jina geni, kisha simu inalia na kuleta ujumbe wa kukukaribisha Kenya. Ukiacha data imewashwa, umeshaanza romingi, yaani kutumia mtandao wa ugenini, huku chai haijapoa!

Kwa nini? Kwa sababu mawimbi hayaoni bikoni za mpaka. Mnara wa kawaida wa GSM unaweza kuhudumia simu iliyo hadi kilomita 35. Ndiyo, kilomita 35! Simu yako hushika mnara inaoupata vizuri, na mnara wa jirani ukiwa na nguvu kuliko wa kwenu, jirani ndiye anayekupokea. Hata wakazi wa Taveta, Busia na Rusumo ambao hawajasafiri popote wanalijua hili.

Je, wajua kwamba simu ya watu wawili waliokaa meza moja inaweza kusafiri maelfu ya kilomita? Chukua Watanzania wawili walioko London, kila mmoja na laini yake ya Tanzania. Mmoja akimpigia mwenzake aliye ng'ambo ya meza, kwa kawaida sauti hutoka London, huenda Tanzania kuuliza mwenye namba yuko wapi, kisha hurudi London. Wote wawili wanaweza kulipa: mpigaji analipia safari ya kwenda, mpokeaji analipia safari ya kurudi.

Intaneti nayo ina mizunguko hiyo hiyo. Uko Dubai na laini ya Kenya, unafungua tovuti ya mkahawa ulio hapo hapo Dubai. Kwa kawaida ombi lako linapelekwa kwanza kwa kampuni yako Kenya, ndipo linarudi Dubai kuutafuta mkahawa. Jibu nalo linapita njia ile ile. Yote hayo ili ujue saa ya kufungua mkahawa unaouona kwa macho!

Na sanduku la sauti? Hili liliwachoma wasafiri wengi. Simu ililetwa hadi nchi uliyoko, hukuipokea, ikarudishwa nyumbani kwenye sanduku lako, nawe ukatozwa safari zote mbili kwa simu ambayo hukuongea. Umoja wa Ulaya ulilikomesha kwake mwaka 2010: kupokea ujumbe wa sauti ukiwa katika nchi nyingine ya Umoja kusitozwe hata senti.

Sogea karibu nikupe bili. Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa Florida alifungua bahasha akakuta anadaiwa dola 201,005. Si elfu mbili, ni laki mbili na zaidi! Ndugu zake wawili, ambao ni viziwi na huwasiliana kwa meseji, walikuwa kwenye mpango wake wa simu, na mmoja alikwenda Kanada wiki mbili akatuma meseji na kutazama video kama alivyozoea nyumbani. Baada ya habari kutangazwa kwenye televisheni, kampuni ilishusha deni hadi dola 2,500.

Mwingine huyu alipatwa angani. Mwaka 2014 abiria wa Kanada aliruka kutoka London kwenda Singapore, akanunua waifai ya ndani ya ndege, akafungua barua pepe na kupakia faili. Kurasa zilizohesabiwa ni 155. Alipotua alikuta bili ya dola 1,171. Kwa fedha hizo angeweza kununua tiketi nyingine!

Lakini hakuna aliyewahi kuwashinda ndege wenyewe. Ndege wa manyoya, ndiyo!

Je, wajua kwamba kuna tai aliyewafilisi wanasayansi kwa meseji? Watafiti wa Urusi waliwafunga tai wa nyika vifaa vya kufuatilia safari zao, na kila kifaa kilikuwa na laini ya simu iliyotuma mahali alipo tai kwa meseji. Mwaka 2019 tai jike aitwaye Min alikaa majira ya joto Kazakhstan, sehemu isiyo na mtandao kabisa. Meseji zikajazana ndani ya kifaa. Kisha akaruka moja kwa moja hadi Iran, akaingia kwenye mtandao, na kifaa kikazimwaga meseji zote kwa mkupuo, kila moja kwa ruble 49. Bajeti ya tai wote ikaisha! Watafiti wakaomba umma uwasaidie kumwekea tai vocha, na watu wakachanga zaidi ya ruble 100,000. Kampuni ya simu nayo ikafuta deni na kuwapa bei nafuu. Hebu fikiria, kumtumia tai salio!

Na korongo je, umemsikia? Anaitwa Kajtek, korongo mweupe wa Poland, wa aina ile ile inayokuja kwenye mbuga zetu za Afrika Mashariki majira ya baridi ya Ulaya. Shirika la mazingira la huko lilimfunga kifaa chenye laini ya simu, naye akasafiri hadi bonde la Blue Nile nchini Sudan, na huko mawasiliano yakakatika. Mwaka 2018 shirika likaletewa bili ya zaidi ya zloti 10,000. Mtu alikuwa ameiokota laini, akaitia kwenye simu yake na kuongea saa 20!

Sasa twende Ulaya kwenyewe, maana kule walipigana na bei hizi kwa sheria. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha kwanza: senti 49 za yuro kwa dakika ukipiga, senti 24 ukipokea, kabla ya kodi. Kupokea nako kulilipiwa! Na huo ndio uliokuwa ushindi, maana kabla ya hapo bei ilikuwa juu zaidi.

Data ilikuwa moto. Kikomo cha mwaka 2012 kilikuwa senti 70 za yuro kwa MB 1. Piga hesabu nami: GB 1 ni kama yuro 700. Filamu ya saa moja ya picha safi hula karibu GB 3, yaani yuro 2,100. Na hiyo, msomaji wangu, ilikuwa bei iliyoshushwa na sheria!

Kisha tarehe 15 Juni 2017 ada hizo zikaondolewa. Mwenye laini ya Ureno akiwa Finland anatumia kifurushi chake kama yuko kwao, ndani ya kiasi kinachokubalika. Mwaka 2022 sheria hiyo iliongezewa muda hadi 2032. Nchi 27 za Umoja zimo, pamoja na Norway, Iceland na Liechtenstein.

Uswisi je? Haimo! Nchi zote zinazoizunguka zimo, yeye katikati yuko nje. Panda treni ya moja kwa moja kutoka Milan kwenda Frankfurt: unaanza bila ada, unaingia Uswisi na bei zake, unatoka tena bila ada. Yote hayo katika safari moja, kiti kimoja, simu moja. Nao Waingereza waliokuwa ndani wakatoka kwenye Umoja, na baadhi ya kampuni zao kubwa zikarudisha ada.

Lakini ngoja. Unajua nani aliwatangulia Wazungu hawa kwa miaka 11? Sisi! Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na Msudani Mo Ibrahim, ilizindua One Network kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wa Mwanza akifika Kampala alipiga kwa bei ya wenyeji wa Kampala, alipokea simu bure, na aliweza kununua vocha ya hapo hapo Uganda akaikwangua na kuiingiza kwenye laini yake ya Tanzania. Hakukuwa na mtandao mwingine wa namna hiyo duniani. Mwaka uliofuata ukaingia Gabon na Kongo zote mbili, kisha nchi nyingine za Afrika, baadaye hata Mashariki ya Kati. Ulaya yote ilikuwa bado inabishana juu ya senti 49. Msimulie mjukuu wako hili, maana halisemwi vya kutosha.

Kongo zote mbili nazo zina kisa chao. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu inayotazamana, katikati kuna mto wa kilomita chache tu. Kwa miaka mingi simu kutoka mji mmoja kwenda mwingine ilipitia setelaiti! Sauti ilipanda angani kilomita 36,000 na kushuka kilomita nyingine 36,000 ili kuvuka mto ambao mvuvi anauvuka kwa kasia. Celtel ikasimamisha mitambo ya mawimbi kingo zote mbili, na bei ikaporomoka.

Je, wajua kwamba hadi 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu, makao yake makuu yakiwa Kampala? Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika likagawanywa vipande vitatu. Lakini alama yake ipo hadi leo: ukiwa Kenya unaweza kuipigia Tanzania kwa kuanza na 007 na Uganda kwa 006, na ukiwa Tanzania unaipigia Kenya kwa 005. Muulize mzee yeyote wa ofisi kama hakumbuki!

Zanzibar iliwahi kutengewa namba yake ya kimataifa, 259. Haijawahi kutumika. Visiwa vinapigiwa kwa 255 ya Tanzania, na ndiyo maana boti ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja simu yako haidaiwi romingi hata shilingi.

Laini yako nayo ina uraia. Ndani ya kadi kuna namba ndefu ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo zinataja nchi: Kenya 639, Tanzania 640, Uganda 641, Burundi 642. Wamepangwa foleni! Mnara wa ugenini ukisoma hizo tatu tu, umeshajua wewe ni mgeni kutoka wapi.

Jihadhari na namba 1 ya Marekani. Zaidi ya nchi na visiwa 20 vinaitumia pamoja nayo, zikiwemo Kanada, Jamaika na Barbados. Ndugu yako aliye Houston anaweza kudhani anapiga simu ya ndani, kumbe ameita Karibiani.

Turudi nyumbani. Mwaka 2014 Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kuwa eneo moja la mtandao: kupokea simu ukiwa katika nchi nyingine ya eneo hilo ni bure, na kupiga kusizidi senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwemo mwanzoni. Kwa hiyo simu iliyovuka Busia na simu iliyovuka Namanga zikawa na bei mbili tofauti kabisa, ingawa zote zilitoka Kenya. Unaona sasa ninachokwambia kuhusu mpaka?

Hivi unajua kwamba barua pepe ya mtaani Nairobi iliwahi kupitia ng'ambo? Mtu wa jengo moja akimwandikia wa jengo la pili aliyejiunga na kampuni nyingine, barua ilikwenda kwa setelaiti hadi Ulaya au Marekani, ikarudi. Novemba 2000 kampuni za intaneti zikaweka kituo cha kubadilishana humo humo Nairobi. Kikafungwa ndani ya wiki chache kwa amri ya wasimamizi, na hakikufunguliwa tena rasmi hadi Februari 2002.

Mkongo wa kwanza wa kisasa wa intaneti chini ya bahari ulifika Mombasa Juni 2009 ukitokea Fujairah. Mwezi uliofuata Seacom ikawashwa, ikafika pia Dar es Salaam, na mwaka 2010 ikafuata EASSy yenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000. Kabla ya hapo kampuni zetu zililipa maelfu ya dola kwa mwezi kwa kila megabiti ya setelaiti, na wewe kwenye kibanda cha intaneti ulilipa kwa dakika huku ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari.

Ajabu ni kwamba mkongo huo, kule kwenye kina kirefu, ni mnene kama bomba la kumwagilia bustani tu. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zote mbili zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zikasota. Miezi michache kabla, meli iitwayo Rubymar ilipigwa kombora Bahari ya Shamu, ikaachwa ikielea, na inaaminika nanga yake ndiyo iliyokata mikongo mitatu. Nanga moja, na picha ya harusi haiendi!

Sasa kuna mkongo wa 2Africa wenye kilomita 45,000. Dunia ukiizunguka kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Umeelewa? Waya ni mrefu kuliko mzunguko wa dunia, na Mombasa na Dar es Salaam zote zimo.

Hebu tuongee kubipu, sayansi yetu ya taifa. Mtafiti Jonathan Donner aliichunguza huko Rwanda na kuchapisha kanuni zake mwaka 2007. Mwenye pesa ndiye anayepiga, asiye nazo anabipu. Na mwanamume anayetafuta mchumba asithubutu kumbipu! Kabla yake hakuna aliyeziandika kanuni hizo popote, lakini kila mtu alizifuata.

Wapo matapeli walioigeuza kubipu kuwa mtego. Namba ya nje ya nchi inalia mara moja na kukata. Ukiirudishia unaangukia namba ya bei kubwa, na sehemu ya fedha inamwendea tapeli. Hujui mtu huko? Usirudishe.

WhatsApp nayo, je? Mwanzilishi mwenza wake Jan Koum alihama Ukraine kwenda Marekani akiwa na miaka 16, na familia yake ilipanga foleni kupata msaada wa chakula. Mwaka 2014 aliiuza kwa dola bilioni 19, na karatasi za mauzo alizisaini mlangoni pa jengo lile lile la foleni. Mwaka 2015 ikaruhusu kupiga simu za sauti, na mama wa Tanga mwenye mtoto Toronto akaanza kuongea hadi bando liishe, si hadi vocha iishe.

Ila ukifika Dubai, utashtuka. Ujumbe wa WhatsApp unakwenda, picha zinakwenda, lakini simu ya WhatsApp haiunganishwi! Falme za Kiarabu zimezizuia kwa miaka mingi, na anayetaka kupiga kwa intaneti hutumia programu zilizopewa leseni huko, kama BOTIM. Saudi Arabia nayo ilipiga marufuku simu za intaneti hadi Septemba 2017 ilipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Waambie ndugu wanaokwenda kazini huko kabla hawajapanda ndege, wasije wakadhani simu imeharibika.

Uganda ilikuwa na lake. Kuanzia Julai 2018 kila aliyefungua WhatsApp au Facebook kwa laini ya huko alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku, mgeni na mwenyeji. Ilifutwa mwaka 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe.

Je, wajua kwamba oda ya kwanza ya laini za simu ilikuwa kadi 300 tu? Kampuni ya Kijerumani iliiuzia Radiolinja ya Finland mwaka 1991, na kadi zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki. Mwaka uliofuata, 1992, Wafini na Waingereza wakatia saini mkataba wa kwanza wa romingi ya GSM duniani. Leo kadi ina urefu wa milimita 12.3 na upana wa 8.8, na msafiri wa Afrika Mashariki huifunga ndani ya kipande cha karatasi na kuisukumia nyuma ya kava ya simu pamoja na pini yake. Simu nyingine hazina hata tundu: iPhone 14 iliyouzwa Marekani mwaka 2022 haikuwa na mahali pa kuingizia laini, laini inapakuliwa!

Meli za kitalii zina minara yao ndani, nayo inazungumza na setelaiti. Mkiacha bandari, simu yako inaweza kuhamia kwenye mtandao wa meli bila kukuuliza. Vikomo vya bei vya Ulaya havifiki huko, hata kama unaiona pwani ya Italia kwa macho. Weka simu hali ya ndege mara nanga inapong'olewa.

Nani anaikumbuka Iridium? Ilianza kazi Novemba 1998 ikiwa na setelaiti 66 na simu za dola 3,000 hivi kila moja, ili uweze kupiga ukiwa popote duniani. Iligharimu karibu dola bilioni 5. Agosti 1999 ikafilisika, na mitambo yote ikauzwa kwa dola milioni 25. Bado inafanya kazi hadi leo!

Kilimanjaro kuna intaneti ya kasi. Agosti 2022 TTCL iliifikisha Horombo, mita 3,720 juu, na kabla ya mwaka kwisha ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mpagazi anaweza kumpigia mkewe Moshi kwa video akiwa juu ya mawingu, na kwa laini ya Tanzania hiyo ni simu ya ndani.

Na juu zaidi ya hapo? Kituo cha anga za juu kinaelea kilomita 400 hivi juu yetu, pungufu kuliko barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Wanaanga hupiga simu duniani kwa intaneti bila kulipa chochote, lakini wewe huwezi kuwapigia. Mkesha wa Krismasi mwaka 2015 Tim Peake wa Uingereza alikosea namba, akamuuliza mama asiyemjua kama hiyo ni sayari ya Dunia. Akamwomba radhi baadaye mbele ya watu wote.

Sasa wewe unayefunga begi: pakua ramani ya mji unaokwenda ukiwa bado nyumbani, maana itafanya kazi bila data. Zima romingi ya data kabla ya mpaka, na sanduku la sauti pia. Zuia programu zisijisasishe zenyewe. Ukikaa zaidi ya siku mbili tatu, nunua laini ya huko kwa pasipoti yako.

La mwisho, na hili lishike hata ukisahau mengine yote. Namba 112 imewekwa ndani ya simu za GSM kuwa namba ya dharura. Inapigika simu ikiwa imefungwa, inapigika salio likiwa sifuri, na kama mtandao wako haupo, simu huomba mnara wa kampuni yoyote iliyo karibu. Inatumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nchi zote za Umoja wa Ulaya, na haitozwi hata senti moja. Mfundishe na mtoto unayesafiri naye.